Matone yanatoboa bati la kibaraza changu: ni nguvu ya tone, chumvi ya bahari, au bati bovu?

"Shikamoo mhandisi. Naishi Mikindani, nyumba yetu haiko mbali na bahari. Msimu wa korosho wa mwaka juzi tulipata chochote, tukaezua paa kuu na kuezeka bati za rangi, zile za bluu. Kibaraza cha mbele tulikiacha na bati zake nyeupe za zamani kwa sababu zilikuwa nzima. Zina zaidi ya miaka kumi na hazijawahi kuvuja. Maji ya paa la juu yanadondokea juu ya kibaraza, kimo kama nusu mita hivi. Sasa kibaraza kimeanza kutoboka, na matundu yamejipanga mstari mmoja kama yamepimwa kwa kamba, palepale matone yanapotua. Upande wa jikoni paa la juu halikubadilishwa, hela iliisha, na chini yake kibaraza hakina tatizo lolote. Fundi anasema tone likidondoka mahali pamoja miaka na miaka hutoboa hata chuma, kwa hiyo ninunue bati nene. Jirani anasema ni chumvi tu. Mpwa wangu anayesomea mitambo anamuunga mkono fundi, anasema hata mitambo ya umeme huliwa na matone ya maji. Nimeziba kwa lami lakini naona kutu mpya inaanza chini ya lami. Nimwamini nani, na nifanye nini kabla ya mvua?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa paa jipya. Swali lako nimelipenda kwa sababu umeeleza ulichokiona kwa macho kabla ya kunipa maneno ya watu, na jibu limo ndani ya hicho ulichokiona. Mpwa wako amesema kweli kuhusu mitambo, ila mitambo si kibaraza. Fundi ameona mahali penyewe lakini ametaja chanzo kisichohusika. Jirani ana kipande cha ukweli. Na bati nene, ambalo ndilo lingekumalizia hela, halitakusaidia sana. Kinachokula kibaraza chako ni maji safi kupita kiasi yanayoshuka kutoka kwenye paa la rangi. Najua hilo halikai sawa kichwani mara moja, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na mpwa, maana hoja yake ni nzito na hata fundi ameegemea hapo. Gesi inayochimbwa Mnazi Bay na kusafishwa Madimba husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Pale kwenye kituo cha umeme cha Kinyerezi II, joto linalobaki baada ya kuchoma gesi huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mtambo mwingine wa kufua umeme. Mtambo wowote wa mvuke una safu za mapanga yanayosukumwa na mvuke huo. Mvuke ukifika safu ya mwisho huwa umeshapoa kiasi cha sehemu yake kuanza kugeuka matone. Matone hujikusanya kwenye mapanga yaliyosimama, kisha hupeperushwa mbele ya mapanga yanayozunguka. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mhimili wa mtambo mkubwa wa namna hiyo kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Panga ambalo ncha yake iko mita moja na nusu kutoka katikati huwa linakwenda karibu mita 470 kwa sekunde hapo nchani. Hiyo ni kasi inayoipita sauti hewani. Tone lenyewe halina haraka yoyote. Panga ndilo linalolifuata na kulipiga.

Sasa angalia kinachotokea tone linapopigwa kwa kasi hiyo. Sisi tumezoea kuona maji yakigusa kitu yanatawanyika pembeni. Lakini kutawanyika kunahitaji muda, na katika sehemu ndogo sana ya mwanzo, pungufu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, maji yaliyo chini ya tone hayana pa kutokea. Ukingo wa mgusano unapanuka haraka kuliko wimbi la mgandamizo linavyoweza kusafiri ndani ya maji. Kwa hiyo maji yanabanwa papo hapo na kukipiga chuma kwa ugumu ambao usingeutegemea kwa maji. Wahandisi huita nyundo ya maji, na Mwingereza Stanley Smith Cook aliandika kuhusu ulaji wa namna hii mwaka 1928. Shinikizo lake hupatikana kwa kuzidisha uzito wa maji kwa ujazo, kasi ya sauti ndani ya maji (karibu mita 1,480 kwa sekunde) na kasi ya mgongano. Kwa panga letu inatoka karibu megapaskali 700, yaani kama tani 7 kwenye kila sentimita ya mraba. Wimbi likishapita, maji yaliyokuwa yamebanwa huchomoka pembeni kwa vijito vyembamba vyenye kasi kubwa kuliko ya mgongano wenyewe, na kila kijito kikikuta kikwaruzo au ukingo mdogo hukivuta na kukinyanyua.

Pigo moja halitoi kitu kinachoonekana. Chuma huchoka kama waya unaoukunja na kuukunjua: mara za mwanzo hauna neno, halafu ghafla unakatika. Ndiyo maana panga hukaa muda mrefu likionekana zima kabisa, kisha vishimo vinatokea, vinaungana, na ulaji unashika kasi. Baadaye hupungua kidogo kwa sababu uso uliochimbika hushika maji na matone mapya yanatua juu ya maji badala ya chuma kitupu. Kasi ndiyo kila kitu hapo. Katika vipimo vingi ulaji hupanda takriban kwa kipeo cha tano cha kasi, maana yake kasi ikizidishwa mara mbili, ulaji unaweza kuzidi mara thelathini. Ndiyo sababu ukingo wa mbele wa mapanga hayo mara nyingi hukazwa kwa joto au hubandikwa ukanda wa aloi ngumu ya kobalti. Mpwa wako akifika mazoezini aombe kuonyeshwa panga lililotolewa. Ukingo wake ukipitisha kidole unakwaruza kama tupa.

Turudi kibarazani na hesabu ileile. Tone linaloanguka nusu mita hufika likiwa na kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde. Nyundo yake ni kama megapaskali 4 na nusu, kilo 45 kwa sentimita ya mraba, na kwa muda usioweza hata kuhesabika. Chuma cha kawaida hakianzi kukunjika mpaka kifikie megapaskali 250 au zaidi, na chuma cha bati mara nyingi ni kigumu kuliko hicho. Hata tukikubali habari ya uchovu, na hata tukiyafanya matone yadondoke mfululizo tangu enzi za Mreno, hayafiki karibu. Tone kubwa la mvua lililotoka mawinguni lenyewe halizidi mita 9 au 10 kwa sekunde. Kama kasi hiyo ingetosha kutoboa chuma, paa zima lingekuwa chekeche, na bodi ya gari linaloendeshwa kwenye mvua kutoka Lindi hadi Mtwara ingefika ikiwa na vishimo.

Fundi atakuambia mbona jiwe hutoboka. Ni kweli hutoboka, na hapo kwenu majumba ya zamani yamejengwa kwa jiwe la matumbawe, kama yale magofu ya Kilwa Kisiwani. Lakini jiwe hilo ni chokaa, na maji ya mvua huiyeyusha chokaa. Kishimo unachokiona chini ya mchirizi kimechimbwa zaidi na kuyeyuka kuliko na kupigwa. Shika neno hilo la kuyeyuka, maana ndilo linalohusu bati lako.

Bati jeupe ni chuma chembamba kilichopakwa zinki pande zote. Zinki ikikaa hewani hujitengenezea ganda jembamba la kijivu, na ganda hilo ndilo hufanya bati lidumu. Maji ya mvua nayo, yanaposhuka, huchukua kaboni dioksidi hewani na kuwa na uchachu kidogo. pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho 7 ni maji yasiyo na uchachu, huwa kama 5.6 hata pasipo moshi wa kiwanda chochote. Uchachu huo huyeyusha ganda la zinki kidogo kidogo. Paa lako la zamani lilipokuwa jeupe juu na chini, maji yalitembea mita kadhaa juu ya zinki kabla ya kudondoka. Njiani yalikuwa yanaokota zinki kidogo huku, kidogo kule, uchachu unaisha, na yakifika kibarazani hayana tena nguvu ya kuyeyusha. Hasara iligawanywa juu ya paa zima, na ndiyo maana hukuona kitu kwa miaka kumi.

Ulipoweka bati la rangi, maji hayana cha kuokota. Rangi haiyeyuki. Yanateremka paa zima yakiwa na uchachu wao wote, kisha yanatua mahali padogo kama sarafu kwenye zinki tupu, tena zinki iliyokwishapungua kwa umri. Na si maji kidogo. Tuseme bonde moja la bati lako la juu lina upana wa sentimita 10 na mteremko una urefu wa mita 4. Kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ambayo si ajabu Mtwara, bonde hilo moja linashusha lita 400 mahali pamoja. Sarafu yenyewe ingelala wazi mvuani bila paa juu yake ingepata nusu lita tu. Ni mara mia nane. Hapo sasa mahali anapotua tone panaleta maana: si kwa nguvu ya kugonga, ni kwa wingi wa maji mageni yanayopita juu ya doa lilelile. Kugonga nako kuna mchango mdogo, nisimnyime fundi haki yake: tone husafisha ule unga mweupe laini unaojaribu kujijenga kuwa ganda jipya, kwa hiyo zinki haipati nafasi ya kujifunika.

Wala usifikiri kiangazi mnapumzika. Usiku usio na mawingu bati hupoa, umande unatanda juu ya paa, na alfajiri unaanza kudondoka taratibu. Umande ni maji matupu zaidi hata ya mvua, na kwa sababu unadondoka polepole, doa linabaki bichi muda mrefu. Toka nje kabla jua halijapanda utayaona matone yamejipanga kwenye ncha za bati la bluu.

Upande wa jikoni ndio shahidi wako. Bahari ileile, upepo uleule wa kusi, bati lilelile la kibaraza, matone yanadondoka kimo kilekile, lakini juu yake pana zinki badala ya rangi, na hakuna tundu. Kama tone lingekuwa linachimba kwa nguvu, au kama chumvi ndiyo mkosaji peke yake, jikoni kusingepona. Ukitaka kujiridhisha zaidi, chukua rula upime kutoka tundu hadi tundu, kisha upime kutoka bonde hadi bonde la bati la juu, vipimo vitalingana. Halafu chagua doa ambalo bado halijatoboka ulitazame kwa karibu. Kwa kawaida utakuta katikati pana kahawia ya kutu, kuzunguka kwake duara la kijivu kinachong'aa kuliko sehemu nyingine, na nje ya duara ganda la zamani lisiloguswa.

Jirani nimesema ana kipande cha ukweli. Chumvi inakula zinki, hilo halina mjadala. Maeneo ya pwani zinki inaweza kupungua mikroni 2 hadi 4 kwa mwaka (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na karibu kabisa na mawimbi hata zaidi. Bati lililopakwa zinki gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, lina mikroni 19 hivi kila upande. Mengi ya bei nafuu yana pungufu ya nusu ya hapo. Lakini chumvi ina tabia yake: huanzia pale mvua isipofika kuosha, chini ya upenu, kwenye kingo zilizokatwa, mabati yanapolaliana, kwenye mashimo ya misumari. Haichori mstari ulionyooka katikati ya bati. Kwako chumvi ilishapunguza akiba, kisha maji ya paa jipya yakamalizia.

Kuhusu lami, iache. Najua ndiyo dawa ya kila fundi, na kwa wiki chache huziba kweli. Ila lami ikipigwa na jua huoza juujuu na kutoa tindikali kidogo, na maji yakipita hapo yanaibeba kwenda kwenye zinki iliyo chini yake. Kutu mpya uliyoiona chini ya kiraka ndiyo habari yenyewe, pamoja na ukweli kwamba lami nayo haiyeyushi zinki yoyote ndani ya maji, kwa hiyo ni rangi nyingine tu kwa macho ya maji hayo.

Sasa ufanye nini. Ningekuwa kwenye nafasi yako na fedha ni moja tu, ningeinunulia gata. Weka gata kwenye fisha bodi ya paa la juu, maji yote yashuke kwa bomba hadi chini au kwenye tangi, kibaraza kisiguswe. Hilo linaondoa chanzo, na ni rahisi kuliko kuezeka upya. Lakini sikiliza mambo mawili ambayo mafundi wengi huyapuuza. Gata liwe la plastiki au la bati lililopakwa rangi ndani na nje. Gata la bati jeupe chini ya paa la rangi litaliwa vilevile, tena upesi, kwa kuwa maji yote yanapita humo. La pili, bomba la kushushia lisiishie juu ya kibaraza. Nimeona nyumba ambapo gata limewekwa vizuri kabisa halafu bomba linamwaga juu ya bati la chini. Badala ya matundu madogo thelathini wamepata moja kubwa la kupitisha paka. Mteremko wa gata uwe kama nusu sentimita kwa kila mita, na vishikio viwe karibu karibu, maana mvua za kwenu zikija zinakuja kwa pamoja.

Njia ya pili ni kupaka rangi kibaraza. Inafaa kama madoa mengi bado hayajatoboka, na inafaa zaidi ukiiunganisha na gata. Paka bati lote kuanzia mstari wa matone hadi ukingo wa chini. Ukipaka madoa peke yake, maji yatateremka juu ya rangi yakiwa bado makali na kuanza kula pale rangi inapoishia. Utakuwa umehamisha tatizo sentimita kumi. Kwanza osha chumvi kwa maji baridi ya bomba, kwangua kutu, acha pakauke, kisha tumia praima iliyoandikwa kuwa ni ya bati la zinki na rangi inayochanganywa na maji juu yake. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye zinki huungana nayo na kufanya kitu cha aina ya sabuni, ndipo unakuta mwaka haujaisha inabanduka kwa mapande.

Ya tatu ni kubadilisha bati la kibaraza, na kwa mabati yaliyokwisha kutoboka huna ujanja, sehemu hiyo lazima uitoe. Chukua bati la rangi kama la juu, au lile la mchanganyiko wa alumini na zinki, ambalo maji ya namna hii hayaliwezi kwa urahisi kwa sababu ganda la alumini haliyeyuki hovyo. Ushauri wa geji nene nauelewa, na kwa kukanyagwa na upepo ni mzuri. Lakini ukitoka geji 30 kwenda geji 28, ambayo ndiyo nene zaidi, unachonunua ni chuma zaidi, siyo zinki zaidi. Zinki ikiisha, chuma cha ziada kitakupa muda kidogo tu kabla ya tundu kurudi. Dukani uliza gramu za zinki kwa mita ya mraba. Muuzaji asipojua, hilo nalo ni jibu.

Kuna mengine mawili nayataja kwa vile ni ya mazingira yenu. Kama jirani na nyumba kuna mikorosho inayopuliziwa salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, vumbi hilo likitua juu ya paa na kupata unyevu halilitendei bati wema. Ukiona unga wa njano paani baada ya kupulizia, osha. Na kama utafunga kiyoyozi, mrija wake wa maji usidondokee kwenye bati jeupe. Yale ni maji matupu kama umande, na yakiwa yamepita kwenye mabomba ya shaba huwa yamebeba shaba kidogo inayoongeza kasi ya ulaji wa zinki.

Usipande mwenyewe kama bati limeshaanza kuwa wavu. Bati lililoliwa na kutu halitoi taarifa kabla ya kukatika, na misumari yake huenda imelegea. Ita fundi wa paa akague kutokea ndani kwanza, hasa papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, zilizo chini ya mstari wa matundu: zichomwe kwa bisibisi, na ikizama kirahisi mbao imeoza na kazi si ya bati tena. Kenchi ikiwa imepinda au kibaraza kimebonyea katikati, usimruhusu mtu kukaa chini yake mpaka paangaliwe. Na kama waya wa umeme kutoka nguzoni unapita juu ya kibaraza au umegusa bati, kabla ya yeyote kupeleka ngazi pigia TANESCO waje wauangalie, kwa sababu plastiki ya nje ya waya ikichubuka kwenye ukingo wa bati lililotoboka, paa lote linaweza kuwa na umeme na wewe usijue.